Unga Kichwani mwa Baba

Mashine ya kusaga ya mtaani kwetu Malangali ilikuwa haijui kuzimika kimya. Mkanda ulilegea kwanza, ukawa unapiga ubao wa pembeni, tap, tap, tap, kila pigo likichelewa kuliko lililotangulia, kisha injini ikakohoa kama mzee anayeamshwa asubuhi ya baridi, na baada ya hapo pakawa shwari. Katika ushwari huo ndipo iliposikika karata ikigongwa mezani. Paa. Mpaka leo upepo ukibamiza mlango huwa nageuza shingo, nadhani kuna mtu ameliwa.

Nyumba yetu ilitenganishwa na mashine hiyo kwa uzio wa matete tu. Kabla ya ugonjwa, baba alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakiitoa sauti ile. Baada ya ugonjwa akawa anaisikia tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Ghala la ushirika ambako baba alikuwa akipima mahindi lilifungwa, wanunuzi wakawa wanakuja na malori yao wenyewe mpaka shambani kwa mtu, na sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilijaa kwenye kila kibanda. Mama alikuwa akisema dunia imefunguliwa mlango, ila baba yetu wamemfungia nje. Baba hakulalamika. Alikata kuni, alilima ulezi wetu mlimani, na jioni alikwenda nyuma ya mashine, ambako wanaume waliosubiri unga wao walikuwa wamegongelea mbao juu ya pipa wakapata meza ya karata.

Kwa asiyejua, karata zetu zilikuwa hivi. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako, siyo ubavuni. Kila mmoja anashika karata tatu, na kila akitupa moja anachukua nyingine kwenye fungu mpaka fungu liishe. Aina moja inakuwa turufu, nayo inakata aina nyingine zote. Ree ina pointi kumi na moja, saba ina kumi, wazungu, yaani karata za picha, wanafuata na pointi zao ndogondogo, na mwenye kufikisha sitini na moja ameshinda. Hayo mtoto anayajifunza kwa siku moja. Kazi iko kwenye uso. Kwa kuwa mwenzako haoni karata zako, unamwambia kwa ishara. Ukifumba jicho moja, una ree ya turufu. Ukivuta mdomo pembeni, una saba yake. Ukipandisha mabega, huna kitu, mwenzangu jiokoe. Ishara hizo zilijulikana na wote, kwa hiyo ustadi ulikuwa kuzifanya wakati wapinzani wanatazama kwingine. Kugusana miguu hakukuruhusiwa. Mwenye mashine alikuwa na usemi wake: chini ya meza ni wizi, juu ya meza ni akili.

Na walioshindwa walipakwa unga. Mshindi alikwenda ndani ya mashine, akachota unga uliomwagika sakafuni, akampaka aliyeshindwa kichwani na kwenye paji la uso, na huyo alitembea mpaka kwake bila kuupangusa. Usiku wa siku za soko ungedhani Malangali nzima imepata mvi. Watoto waliwafuata wakiwazomea, na wake zao waliwapokea mlangoni kwa maneno. Baba alipakwa mara nyingi. Akiingia nyumbani mweupe, mama alimwambia leo nimeletewa ugali unaotembea.

Mwenzake wa karata alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya grisi ambaye sisi watoto tulimwita baba mdogo ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Walicheza pamoja tangu mimi sijaanza shule. Walikuwa hawahitaji hata kutazamana sana.

Mvua za masika ndizo zilizomwangusha baba. Alikuwa anafunga kamba ya mbuzi, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na alipotaka kusema kitu, maneno yakatoka yamelowana. Hospitali walituambia ni kiharusi. Alirudi nyumbani mkono wa kushoto umelala, mguu unakokota, mdomo umevutwa upande mmoja, na jicho la kushoto likawa linajifumba lenyewe bila kuambiwa. Tulimshukuru Mungu kwamba yuko hai. Jumuiya ilikuja kusali, majirani wakaleta maharage, na mama alijifunza kumnyoa ndevu.

Siku ya kwanza alipoweza kufika nyuma ya mashine nilimsindikiza mimi, nimemshika kiwiko. Wanaume wote walisimama. Baba mdogo alifuta stuli kwa kofia yake. Wakagawa karata, na mimi nikakaa pembeni na debe langu la mahindi nikiona raha, nikidhani mambo yamerudi.

Katikati ya mchezo niliona baba mdogo anamtazama baba usoni, halafu anatupa karata kubwa kwa kujiamini. Ikaliwa. Akamtazama tena, akatupa nyingine. Ikaliwa. Ndipo nikaelewa. Mdomo wa baba ulikuwa umevutwa pembeni, na jicho lake lilikuwa likifumba. Uso wake wote ulikuwa ukisema nina ree, nina saba, tupa tu mwenzangu nitakulinda. Na mkononi hakuwa na kitu. Baba mdogo alikuwa anajua kwamba ni ugonjwa, lakini macho yake yalikuwa yameuamini uso ule miaka mingi mno, hayakuweza kujifunza siku moja. Walishindwa vibaya.

Hakuna aliyekwenda kuchota unga.

Washindi walisema aa, leo tumecheza tu, mzee pole, ugua pole. Mmoja alijikuna shingo, mwingine akakumbuka ana safari. Baba alikaa pale akiwa ameinamisha kichwa kidogo, nadhani alikuwa anasubiri. Kisha akainuka, tukarudi nyumbani kichwa chake kikiwa cheusi vilevile, na watoto wa jirani walipotuona wakamwamkia shikamoo kwa adabu nyingi mno.

Tangu siku hiyo baba mdogo hakuja kumwita. Akikutana na mimi dukani aliniuliza hali ya mzee, akanipa ndizi za kumpelekea, akasema siku hizi nyuma ya mashine hatuchezi, baiskeli zimekuwa nyingi. Nami nilichukua ndizi nikamshukuru, na jioni mashine ikazimwa, ikakohoa, na sisi sote watatu tukasikia. Paa. Mama aliongeza kuni bila sababu. Baba alitazama uzio.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Kichwa changu kilikuwa kimejaa ndoto za kila aina. Nilikuwa na duka langu kichwani, lenye rafu za kioo, na nilikuwa nimekwisha kwenda Wampembe kuliona ziwa mara nyingi bila kutoka jikoni. Kwa hiyo mwenye mashine alipotangaza baada ya mavuno kwamba kutakuwa na mashindano ya kirafiki ya karata, wawili kwa wawili, anayeshindwa anatoka, zawadi jogoo wa kuliwa na wote, mimi nilishaona mwisho wake. Niliona baba akishika jogoo miguu. Niliona mdomo wake ukirudi mahali pake kwa furaha. Usinicheke. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mwili unasikiliza habari njema.

Nikamwambia mimi nitakuwa mwenzake. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamwambia baba, mimi macho yangu hayana mazoea. Hilo alilifikiria. Kesho yake asubuhi alinionyesha kwa mkono mzima nilete karata.

Tulianza na shida ya kuzishika. Mkono mmoja ulikuwa haufai kitu, na mkono wa pili ukishika hauwezi kutupa. Nilijaribu kipande cha mti, zikaanguka. Nilijaribu gunzi la hindi, likapasuka. Mwishowe nilichukua mche mzima wa sabuni ya kufulia, nikachonga mfereji juu yake kwa kisu, na karata tatu zikasimama wima kama watu kanisani. Mama aliona, akashika kiuno. Akasema zamani sabuni haikuwepo tukafua kwa majani ya mpapai, sasa ipo na inakalisha wafalme. Lakini hakuichukua.

Halafu tukatunga ishara zetu, juu ya meza, kwa gumba la mkono wake mzima. Likigusa sabuni mbele, ana ree ya turufu. Likigusa nyuma, ana saba. Likipapasa kifungo cha shati, hana kitu. Uso niliambiwa nisiutazame kabisa, na hilo ndilo lililokuwa gumu, maana ukicheza na mtu unayempenda macho yako yanakwenda usoni yenyewe. Mara ya kwanza na ya pili nilimtazama nikakosea. Alinigonga kidole kwa karata, siyo kwa hasira. Siku zilizofuata nilijifunza kumpenda nikitazama gumba.

Alinifundisha pia kuhesabu. Kila ree inayopita mezani, iweke kichwani; kila saba iweke kichwani. Asiyekumbuka yaliyopita, alisema kwa yale maneno yake mazito, hana haki ya kulalamika. Alitumia karibu mchana wote kuisema sentensi hiyo.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, katika miezi ile upepo wa Ufipa unapokata kama wembe. Watu walivaa makoti ya mitumba mpaka magotini. Nilipomkalisha baba na kuweka sabuni mezani, kuna waliocheka sabuni na kuna waliosema msichana hachezi na wazee. Mwenye mashine akasema sheria inataka wawili, haijasema wawe na ndevu. Tukapangiwa wapinzani, na katika watu wote tulipangiwa baba mdogo.

Mwenzake mpya alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa Muze, chini ya mteremko, ambaye alipanda mjini mara chache kuuza mnyama na kusaga mahindi. Huyu na baba walikuwa wameamua wenyewe kuwa watani, bila kuuliza wazee wa upande wowote. Hakuwa ameonekana tangu kabla ya masika. Alimkuta baba pale mezani, akamtazama juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Tulianza. Turufu ilikuwa shupaza. Nilitazama gumba tu, nikatupa nilipoambiwa, na kumbe tunakula. Tunakula tena. Moyo wangu ulikuwa umeshafika kwenye jogoo. Fungu likaisha, tukatupa mara moja, kila mmoja akabaki na karata mbili za mwisho. Baba akachomoa saba ya kopa kwenye sabuni, akaiweka mezani, karata nono isiyo na mlinzi. Mfugaji akatupa kitu kidogo. Mimi nikatupa kitu kidogo. Akabaki baba mdogo, wa mwisho, naye akaweka tatu ya uru. Tukala zile pointi kumi, na kwa hizo tukavuka sitini. Nilipiga makofi peke yangu.

Mfugaji alimwuliza mwenzake mbona leo anacheza kama amebeba mayai.

Baba mdogo hakungoja zamu. Akaweka karata yake ya mwisho, maana haikuwepo nyingine ya kuificha, na ilikuwa ree ya shupaza. Ree ya turufu. Alikuwa nayo muda wote wakati saba ya baba imelala mezani uchi. Hata mtoto angeikata.

Baba aliiona. Mkono wake mzima ukatoka taratibu, ukaichukua ile ree, ukaiweka mbele ya baba mdogo. Kisha akaisukuma sabuni na karata iliyobaki, akaiacha katikati ya meza.

"Kaka," baba mdogo alisema, "mimi nilifikiri tu..."

"Nipige," baba akasema.

"Kaka, umetoka kuumwa."

"Niko." Alivuta pumzi, akatafuta neno lililobaki, na tuliona wote linavyomgharimu. "Niko hapa. Nipige."

Baba mdogo alifunika uso kwa vile vidole vyake vyeusi. Mwenye mashine alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo mfugaji akaegemea nyuma, akakunja koti lake.

"Kumbe nimekaa na mtu anayenyonyesha wapinzani," akasema. "Na wewe Mfipa, mimi nilivyokuona nimenyamaza kwa heshima, nikidhani umeninunia. Kumbe ni uso ndio umekuwa hivyo? Uso unakonyeza ree na saba hata karata hazijagawiwa! Mwongo mkubwa wewe. Hata uchawi wenu Wafipa hujauvua mlangoni, umekuja nao mpaka mezani."

Nilishika stuli yangu, na Mungu anisamehe, nilikuwa napima kichwa cha yule mgeni.

Halafu ikatoka sauti ambayo sikuitambua mara moja. Ilianza kama mkoromo, ikakwama, ikaendelea. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kwa upande mmoja, machozi yanatoka kwa upande mwingine, bega lake zima linapanda na kushuka, akimnyooshea mfugaji kidole na kushindwa kusema. Na watu wakaanza kucheka nao, kwanza kwa woga, kisha kwa kweli.

Mchezo ule ukafutwa. Baba mwenyewe alifuta hewani kwa kiganja, hauhesabiwi. Tukaanza upya, wa kushinda michezo miwili kati ya mitatu.

Mchezo wa kwanza walitupiga sawasawa. Baba mdogo alikata kila alichoweza kukata, akigonga meza mpaka pipa likalia, na kila akigonga baba alitikisa kichwa kama mtu anayesikia ngoma aliyoizoea. Katika wa pili mfugaji alikuwa amekwisha kujiapiza kutouamini uso wa Mfipa. Mdomo umevutwa, jicho linafumba, yeye anacheka: mwongo, mwongo. Akatupa ree ya kopa bila wasiwasi. Gumba la baba lilikuwa limegusa sabuni mbele, kisha nyuma. Alikuwa nazo zote mbili. Uso ulikuwa unasema kweli siku hiyo, na hakuna aliyeukubali ila mimi niliyekuwa siutazami. Tulishinda kwa pointi nyingi, na mfugaji akasema sasa ameogopa, maana kuna uongo na kuna uongo unaosema kweli.

Wa tatu tulishindwa. Kosa lilikuwa langu. Saba moja ilipita mezani mapema nami sikuiweka kichwani, nikaingoja wakati imekwisha kuliwa. Walipohesabu, sisi tulikuwa na hamsini na nane. Nikaona yule jogoo anaondoka, duka la rafu za kioo linaondoka, mdomo wa baba unabaki pale ulipo. Nililia kidogo kwenye ukosi wa koti, sitaficha.

Baba alikuwa hanitazami. Alikuwa anamtazama baba mdogo, naye amesimama hajui aende wapi. Baba akainamisha kichwa. Alikiinamisha chini zaidi kuliko siku ile ya kwanza, karibu paji liguse meza, na akabaki hivyo.

Baba mdogo akaingia ndani ya mashine. Alikawia. Akatoka na unga kiganjani, nusu yake ikapeperuka na upepo. Kilichobaki alikiweka kichwani mwa baba, kwa upole kwanza, na baba akanguruma kukataa upole ule. Basi akausugua. Aliusugua kwenye nywele, akampaka paji la uso, shavu zima na shavu lililolala, yote sawa, na watu wakapiga mluzi. Mimi nilipakwa na mfugaji, aliyeniambia nikiwa tayari kuolewa na mtu asiyejua kuhesabu nimtafute, anao wapwa wengi.

Tulirudi kwa njia ndefu, ya barabarani. Baba ndiye aliyechagua. Mguu wake unakokota, unga unashuka kwenye kope, na watoto wa jirani walipotuona walisita. Baba akawatazama akiwasubiri. Mmoja akazomea. Wakazomea wote, wakatufuata mpaka mlangoni, na mama akatoka na mwiko. Aliangalia kichwa cha mume wake. Midomo ilimcheza. Akasema leo tena nimeletewa ugali unaotembea, na huu una tonge lake pembeni. Kisha akaingia ndani haraka, nikamsikia akipenga kamasi.

Jumamosi iliyofuata, mchana, baba mdogo aligonga mlango wetu. Hakuleta ndizi. Alikaa kwenye gogo mbele yangu akaniomba nimfundishe gumba. Nilimfundisha: mbele ni ree, nyuma ni saba, kifungo ni hakuna. Nilimwambia na lile la kutotazama uso. Alisema hilo litamtesa, lakini atajaribu. Mimi nilikuwa na ishara nyingine tuliyokuwa tumeanza kuitunga na baba, ya mzungu wa nne, yule wa pointi nne, nikajiuliza niifiche ili angalau moja ibaki yetu. Nikamfundisha na hiyo.

Wakaondoka pamoja, baba ametangulia, sabuni imo kwapani mwa mwenzake. Mama alikuwa shambani. Nilikaa kidogo mlangoni. Pale ukutani, upande unaopata jua, palikuwa na mkeka ambao baba alikuwa akishinda juu yake tangu atoke hospitali, katikati umebonyea kwa umbo lake. Nikauinua, nikaukung'uta vumbi, nikaukunja, nikauingiza ndani na kuuweka juu darini, nyuma ya vihenge vya ulezi.